Simu ya Katibu wa Maziwa

Mazungumzo ya leo yanaanzia kwenye simu niliyopigiwa mwaka 2018, alfajiri, jua halijachomoza. Aliyenipigia alikuwa katibu wa kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huko nyanda za juu kusini, mzee wa maneno machache. Kila asubuhi kazi yake ilikuwa kupima maziwa ya wanakikundi, lita kwa lita, na kuyaandika kwenye programu ya simu ambayo mimi na wenzangu tuliitengeneza. Mwisho wa mwezi, malipo ya kila mfugaji yalitokana na namba alizoandika yeye.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Programu yako imenikataa tangu jana jioni. Watu wamepanga foleni hapa na madumu yao. Nifanyeje?"

Nikamwomba anisomee kilichoandikwa kwenye kioo. Kilikuwa Kiingereza, akanitajia herufi mojamoja. Nikamwomba aingie kwenye Mipangilio, ashuke mpaka Kuhusu Simu, anisomee toleo la Android. "Nne nukta nne," akasema. Hapo hapo nikajua kwamba simu yake ni nzima na mtandao wa kule hauna neno. Sisi ndio tuliomfungia nje, na hatukuwa na habari kwamba tumefunga.

Siku ile aliandika kwenye daftari. Nyuma ya simu yake moja walikuwapo wafugaji zaidi ya 60, na karibu wote walikuwa na vitochi, simu za kupiga na kupokea tu. Kwenye takwimu zetu za ofisini, wote hao walionekana kama kifaa kimoja cha zamani.

Nimekumbuka kisa hiki kwa sababu kila mwezi, katika ofisi nyingi za hapa kwetu na za ng'ambo, vijana wanaotengeneza programu za simu huketi mezani na kuulizana swali moja: tuzihudumie simu za mpaka toleo gani la zamani, na kuanzia wapi tuseme basi? Swali hili huchukuliwa kuwa la mafundi peke yao. Mimi nadhani linakuhusu wewe unayenisikiliza, hata kama hujawahi kuandika mstari mmoja wa programu, kwa sababu linaamua kama simu iliyo mfukoni mwako mwakani itafungua benki, itasoma ujumbe wa mwanao, au itabaki ya kupigia na kumulikia njia.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Simu janja huendeshwa na mfumo endeshi. Kwa simu nyingi za huku kwetu mfumo huo ni Android, na kwa iPhone ni iOS. Kila mfumo hutoka kwa matoleo. Android 4.4 ilitoka mwaka 2013, 5.0 mwaka 2014, 6.0 mwaka 2015, 8.0 mwaka 2017, na mlolongo unaendelea. Mtengenezaji wa programu huandika namba moja kwenye faili la kazi yake, namba ya toleo la chini kabisa atakalolihudumia. Akiandika 21, maana yake ni Android 5.0 na kupanda. Mwenye 4.4 akiitafuta programu hiyo dukani, ama haioni, ama anaambiwa simu yake haifai. Namba yenyewe ni tarakimu mbili tu, na kuibadilisha hakumchukui mtu hata dakika moja.

Upande wa Apple mambo ni mepesi kidogo, kwa sababu anayetengeneza simu ndiye anayetengeneza mfumo. Toleo jipya likitoka, simu zote zinazolimudu hulipata siku moja, iwe Mbeya au London. Android haiendi hivyo. Google hutoa toleo, wanaotengeneza vipuri vya ndani hulirekebisha, kisha kampuni iliyobandika jina lake kwenye simu hulirekebisha tena kwa simu zake, na kwa simu za bei nafuu safari hiyo mara nyingi haifiki mwisho. Simu huuzwa na toleo ililozaliwa nalo, na hufa nalo. Unaweza kununua simu Kariakoo leo, boksi halijafunguliwa, nailoni iko juu ya kioo, na mfumo wa ndani ni wa miaka kadhaa nyuma. Kwa hiyo anayesema "watu wa simu za zamani hawataki kusasisha" hajamwelewa mwenye simu. Amebofya mahali pa kusasisha, akaambiwa simu yake iko sawa na ya kisasa. Afanye nini zaidi?

Sasa nirudi kwenye takwimu, maana hapo ndipo kosa letu lilipoanzia. Google hutoa jedwali linaloonyesha asilimia ya simu zilizo kwenye kila toleo la Android. Kijana anayeanza programu mpya huonyeshwa jedwali hilo na kifaa chake cha kazi, na anaambiwa kwamba akichagua toleo hili atawafikia asilimia fulani ya watu. Namba zinavutia, tisini na kitu kwa mia, naye huchagua kwa moyo mweupe. Lakini jedwali lile linahesabu nini? Linahesabu simu za dunia nzima zilizoingia Play Store ndani ya siku saba. Simu ya katibu wetu ilikuwa inaingia Play Store lini? Data aliiwasha asubuhi, akatuma hesabu za maziwa, akaizima, maana bando ni pesa. Programu zake nyingine alirushiwa na mpwa wake kwa Xender, programu ya kurushiana mafaili simu kwa simu. Duka lile hakulijua, na duka halikumjua.

Na hata akihesabiwa, jedwali linahesabu vifaa. Haliwezi kujua kwamba kifaa hiki ni cha mwanafunzi mwenye simu nyingine mbili nyumbani, na kile ni cha katibu anayeandika riziki ya nyumba 60. Asilimia moja ya simu inaweza kuwa robo ya watu wako, ikiwa asilimia hiyo ni ya makatibu, wahudumu wa afya wa vijiji na walimu wakuu. Huku kwetu simu bado ina watu nyuma yake. Mama anauliza bei ya mahindi kwa simu ya jirani. Bibi anapokea pesa kwa simu ya mjukuu. Ukifunga simu moja hujui umefunga nyumba ngapi, mpaka uulize.

Kwa hiyo takwimu za kwanza ninazotaka kuziona mezani siku hizi ni za kwenye seva yetu wenyewe: nani alituma nini jana, kwa simu ya toleo gani, na kwa niaba ya watu wangapi. Hizi mtu hazipati kwenye jedwali la dunia. Anazipata kwa kuziandika tangu siku ya kwanza, na baada ya hapo kwa kunyanyua simu na kuuliza.

Nisiwaonee mafundi wenzangu. Kuhudumia matoleo ya zamani ni kazi, na anayedai programu ifanye kazi kwenye kila simu iliyowahi kuuzwa hajawahi kuifanya. Chukua mfano wa ruhusa. Mpaka Android 5.1, mtu alikubali ruhusa zote kwa mkupuo siku anapoweka programu: kamera, majina ya watu, mahali alipo. Kuanzia 6.0 simu huuliza ruhusa mojamoja wakati programu inapoihitaji. Fundi anayehudumia pande zote mbili lazima aandike njia mbili na azijaribu zote mbili. Chukua mfano mwingine, kurasa za intaneti zinazofunguka ndani ya programu. Kuanzia Android 5.0 kile kipande kinachozifungua husasishwa kutoka dukani bila kugusa mfumo mzima. Chini ya hapo kimegandamana na mfumo, na kasoro iliyomo inabaki milele. Tena kwenye matoleo yaliyo chini ya 5.0, programu ikipita njia za kazi 65,536 ndani ya faili moja, inabidi igawanywe kwa ustadi ili iweze kuwaka. Kila toleo unaloliongeza chini linaongeza saa za majaribio, na linahitaji simu halisi ndani ya droo, zenye chaji, mtu azishike kwa mikono yake. Ofisi ya watu watatu haiwezi kubeba matoleo 12.

Juu ya hayo, vipande vilivyotengenezwa tayari tunavyovitumia, ambavyo sisi tunaviita maktaba, navyo vinapanda. Maktaba za AndroidX, ambazo Google huzitoa na karibu kila mtengenezaji huzitumia, kwanza zilipandisha toleo lake la chini hadi Android 5.0, na mwaka 2025 zikapanda tena hadi 6.0. Unaweza kubaki na maktaba ya zamani, lakini masahihisho ya usalama yatakupita. Huwezi kusimama hapo miaka mingi.

Ila kuna jambo moja ambalo wengi hulichanganya, na limewafungia nje watu wengi bila sababu. Kila mwaka Google Play hulazimisha programu ilenge toleo jipya la Android. Kuanzia Agosti 2018, kwa mfano, programu mpya zilitakiwa kulenga Android 8.0. Kulenga maana yake ni kwamba programu imeandikwa ikizijua kanuni za toleo hilo. Google hawakusema uziache simu za chini yake. Hizo ni namba mbili tofauti zinazokaa mistari michache kutoka moja hadi nyingine kwenye faili lile lile, na nimeona ofisi ikipandisha zote mbili kwa pamoja, ikidhani imeamriwa.

Na kuna milango miwili, ndugu msikilizaji. Hili nilijifunza kwa katibu. Mlango wa kwanza ni wa dukani. Ukipandisha toleo la chini, simu ya zamani haipati tena toleo jipya la programu yako, lakini lile ililonalo linabaki. Duka la Apple tangu mwaka 2013 linamruhusu mwenye simu ya zamani kupakua toleo la mwisho linaloimudu simu yake, na Google Play inaweza kufanya hivyo pia ikiwa mtengenezaji ameliacha toleo lile dukani. Kwa hiyo kupandisha toleo la chini peke yake hakumuui mtu. Anabaki na programu isiyoongezewa mapya, na kama ilikuwa inapima maziwa, itaendelea kupima maziwa.

Mlango wa pili ni wa seva, na huo ndio unaokata. Siku seva inapoacha kuielewa simu ya zamani, programu inazimika mkononi mwa mtu, saa yoyote, bila yeye kugusa kitu. Hicho ndicho kilichomkuta katibu. Mwaka ule 2018 kulikuwa na sababu nzuri ya kuimarisha seva. Kanuni za usalama za kampuni za kadi za malipo zilikuwa zimeweka tarehe 30 Juni 2018 kuwa mwisho wa kutumia njia za kale za kusimba mawasiliano, na sisi, ingawa hatukushughulika na kadi, tuliona ni busara kufuata. Tukazima njia ya kale, tukaacha mpya, ile inayoitwa TLS 1.2. Android 4.4 inaijua njia hiyo mpya. Tatizo ni kwamba imekuja nayo ikiwa imezimwa, mpaka programu yenyewe iiwashe. Ilihitajika mistari michache sana ya msimbo. Tuliandika jioni ile ile, tukajaribu kwenye simu tuliyoazima kwa fundi simu wa mtaani kwetu, tukamtumia katibu siku ya pili. Kama tungekuwa na simu moja ya 4.4 kwenye droo, asingekaa siku mbili na daftari.

Katika kuangalia wengine wanavyofanya, hakuna kisa kilichonifundisha kama cha Let's Encrypt. Hili ni shirika lisilo la faida la Marekani linalotoa vyeti vya usalama bure kwa tovuti, na mamilioni mengi ya tovuti huvitumia. Nikueleze cheti ni nini kwa mfano wa hapa nyumbani. Ukienda kufungua akaunti ya benki, huenda ukaombwa barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Benki haikujui wewe, ila muhuri wa mwenyekiti inautambua. Ndivyo simu inavyofanya. Tovuti ikija, huja na cheti, na simu huangalia kama aliyekigonga muhuri yumo kwenye orodha ya wenyeviti inaowaamini. Orodha hiyo, kwa simu za Android za wakati ule, ilikuwa imefungwa ndani ya mfumo endeshi. Mfumo usiposasishwa, orodha haiongezeki jina.

Let's Encrypt walipoanza, muhuri wao ulikuwa mpya, haumo kwenye orodha za simu. Wakaomba kudhaminiwa na mwenyekiti wa zamani, kampuni inayoitwa IdenTrust. Muhuri wa IdenTrust uliotumika ungekwisha muda tarehe 30 Septemba 2021. Simu za Android kuanzia 7.1.1 zilishaujua muhuri mpya. Zilizo chini ya hapo hazikuujua. Novemba 2020 shirika likapiga hesabu na kutangaza waziwazi: asilimia 33.8 ya simu za Android zilikuwa chini ya 7.1. Fikiria. Theluthi ya simu za Android duniani zingeamka siku moja na kukuta tovuti nyingi zinakataa kufunguka, na wenye simu wangeonyeshwa onyo la kutisha kwamba tovuti si salama, ilhali tovuti ni ile ile ya jana.

Wangeweza kusema kwamba dunia inasonga, nunueni simu mpya, na sheria isingewagusa. Badala yake walirudi mezani, wakategemea jambo moja la ajabu ndani ya Android: kwa makusudi kabisa, mfumo ule hauangalii tarehe ya mwisho ya muhuri wa mwenyekiti aliye ndani ya orodha yake. Ukiwa na muhuri uliomo, simu inaukubali hata kama muda wake umepita. Desemba 2020 wakakubaliana na IdenTrust wawadhamini tena kwa miaka mitatu mbele, zaidi ya mwisho wa muhuri wenyewe. Miaka mitatu ikapatikana. Na miaka hiyo haikupotea: kufikia 2023, simu za Android zinazoujua muhuri mpya zilikuwa zimefika asilimia 93.9. Watu walibadilisha simu zao kwa wakati wao, zilipokufa betri, zilipopasuka vioo, walipouza mpunga. Udhamini ulipokwisha tarehe 30 Septemba 2024, waliobaki walikuwa wachache, na walikuwa wameambiwa mapema watumie Firefox, kwa sababu kivinjari hicho hubeba orodha yake chenyewe na hakitegemei ya simu.

Mimi naliheshimu sana jambo hili. Wale watu waliijua tarehe, waliihesabu hasara kwa namba zisizopendeza wakazitangaza wenyewe, wakanunua muda, na walipofunga, walionyesha njia nyingine ya kupita. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji utajiri.

Kisa kingine ni cha Ujerumani wakati wa korona. Juni 2020 serikali ya huko ilitoa programu iitwayo Corona-Warn-App, ya kumjulisha mtu kwamba alikaa karibu na mgonjwa. Kwenye iPhone ilihitaji iOS 13.5. Simu kama iPhone 5s na iPhone 6 zilikuwa zimeishia iOS 12, haziwezi kupanda. Na nani huwa na iPhone ya zamani? Mara nyingi ni mzee aliyeachiwa na mwanawe. Kwa ugonjwa uliokuwa unaua wazee zaidi, programu ya kinga ikawaacha baadhi yao. Safari hii watengenezaji wa programu hawakuwa na la kufanya, kwa sababu kifaa cha kupimia ukaribu kilikuwa ndani ya mfumo wa Apple wenyewe. Lalamiko likapanda hadi kwa Apple, na tarehe 14 Desemba 2020 Apple wakatoa iOS 12.5, wakakirudisha kifaa kile nyuma kwenye simu zile za zamani. Februari 2021 programu ya Wajerumani ikaanza kuzipokea. Miezi minane ilipita, na ilikuwa miezi mibaya. Ninachokichukua hapo ni kwamba hata kampuni kubwa kiasi kile iliweza kurudi nyuma ilipoambiwa ni nani aliyebaki nje. Iliwezekana.

Baada ya kusema yote hayo, lazima niseme na upande ambao haunifurahishi. Simu ya zamani kuna kazi haistahili kupewa. Mwaka 2015 watafiti wa usalama walifichua kasoro iliyopewa jina Stagefright, iliyokuwa ndani ya Android kuanzia 2.2 mpaka 5.1. Ujumbe wa picha au video uliotengenezwa kwa hila uliweza kumpa mwizi njia ya kuingia kwenye simu, wakati mwingine hata kabla mwenyewe hajaufungua. Google walitengeneza tiba upesi, na kuanzia Agosti mwaka huo wakaanza kutoa masahihisho ya usalama kila mwezi. Lakini tiba ilipita njia ile ile ndefu niliyoieleza, na simu nyingi za bei nafuu hazijaipata hata leo. Mtu akiweka akiba yake yote kwenye programu iliyo ndani ya simu hiyo, na mimi nikamruhusu kwa kumwonea huruma, sijamsaidia.

Kwa hiyo programu ya habari, ya kilimo, ya elimu, ya kuandika maziwa, ningeishusha chini kadiri maktaba zinavyoruhusu, na kwa sasa hiyo ni Android 6.0. Programu inayobeba pesa au siri za mgonjwa ningeianzishia Android 8.0, wala nisingeona aibu. Toleo lile lilibadilisha namna simu inavyoruhusu programu za nje ya duka: zamani ulifungua mlango mara moja na kila programu ikapita, na kuanzia hapo ruhusa hutolewa kwa programu moja moja. Huku kwetu, ambako programu nyingi hurushwa kutoka simu hadi simu, tofauti hiyo ni kubwa.

Lakini anayepandisha toleo kwa ajili ya usalama wa pesa ana wajibu wa kuacha njia nyingine wazi, na bahati nzuri njia hiyo tunayo. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, wakati karibu kila mwenye simu alikuwa na kitochi, na mpaka leo Tanzania mtu anabonyeza *150*00# kwenye simu yoyote ile na menyu inamjia. Menyu ile haiulizi toleo la Android. Ninapoona taasisi inazima menyu yake ya simu kwa sababu sasa ina programu nzuri ya kisasa, huwa nasikitika, kwa sababu imevunja ngazi ambayo ilikuwa inawashusha watu salama.

Na tukishawafungia watu bila kuwaachia njia, huwa wanakwenda wapi? Wanakwenda kwa fundi. Fundi anawawekea toleo lililochezewa na watu wasiojulikana, lile linalokubali kila simu, na huko ndiko siri zao zinakoishia. Tulifunga kwa jina la usalama, tukawasukuma kwenye hatari kubwa zaidi. Nimekaa kwenye vibanda vya mafundi simu nikaliona hili kwa macho yangu, na fundi hana kosa. Mteja amemletea simu inayokataa, naye anairudisha ikiwa inakubali.

Kwa katibu wetu tulifanya hivi. Tuliendelea kuihudumia simu yake mwaka mmoja na nusu zaidi, kwenye mlango wa seva, bila kumwongezea mambo mapya. Tuliweka tarehe ya kufunga, na tarehe hiyo tukaiweka baada ya malipo ya mwezi, tusije tukamkatia hesabu katikati. Tangazo tuliliandika kwa Kiswahili ndani ya programu, likatokea miezi sita kabla, likisema simu yako ni toleo gani, mwisho wake ni lini, na umpigie nani. Pia tuliongeza njia ya kutuma lita kwa ujumbe mfupi wa kawaida, namba ya mfugaji ikifuatiwa na kipimo, ili kikundi kisichokuwa na simu janja kabisa nacho kiweze. Njia hiyo ya ujumbe mfupi tuliiwazia kuwa ya muda. Vikundi vilivyokuja kuitumia vikawa vingi kuliko tulivyotegemea, na hatujaizima.

Kikundi chenyewe kilimnunulia katibu simu nyingine kabla tarehe haijafika. Kilifanya mkutano, kikakata kiasi kidogo kwenye malipo, wakakubaliana. Waliweza kwa sababu walijua mapema.

Ninyi vijana mnaotengeneza programu, kama mnanisikiliza mkiwa kazini: kabla ya kuipandisha namba ile, fungueni seva yenu, watafuteni watu 10 wa mwisho wenye simu za zamani zaidi, muwapigie. Waulizeni wanafanya nini kwa programu yenu, na wanamfanyia nani. Itawachukua asubuhi moja.

Na wewe msikilizaji, jioni hii ukiwa na nafasi, fungua simu yako, ingia kwenye Mipangilio, shuka mpaka Kuhusu Simu, uandike mahali namba ya toleo lako. Siku programu unayoitegemea ikikukataa, usikimbilie kudhani simu yako imekufa. Piga simu huduma kwa wateja, watajie namba hiyo, waambie wewe ni nani na ni watu wangapi wanakutegemea, kisha wadai jibu.